Yule wa Chini Kabisa

Mteja alitaka kinyago cha vita. Si vita vya kudai uhuru, cha hivyo alisema anacho tayari. Alitaka vile vilivyofuata, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji. Ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu kwa sababu mjomba hana simu janja wala haitaki, na tangu nimalize chuo, nikisubiri ajira, mimi ndiye karani wake: napiga picha, naandika maelezo, navutana na watu kuhusu bei, kisha namfikishia mjomba ile sehemu ya mazungumzo ambayo haitamharibia siku. Kimo mita moja na nusu, aliandika mteja. Mpingo. Watu wengi. Na mtu akikitazama tu aelewe, bila kuambiwa, nani alimtendea nani.

Nilijibu "sawa" nikiwa juu ya bodaboda.

Mjomba anachongea Makote, hapa Newala, chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Alikaa Mwenge, Dar es Salaam, miaka mingi kabla ya kurudi kutunza mikorosho yake, na ufundi aliupata huko huko, kwa Wamakonde wa Msumbiji. Wageni hushangaa wakisikia hivyo. Wanadhani kila Mmakonde wa Newala alizaliwa na tezo mkononi. Lakini vinyago hivi vya mpingo vinavyouzwa kwa watalii vilikuzwa zaidi na watu wa ng'ambo ya Ruvuma waliokuja Tanganyika kutafuta kazi, wengi wao kwenye mashamba ya mkonge. Sisi wa upande huu tulikuwa na midimu yetu, vinyago vya kuvaliwa usoni ngomani, na hivyo havikuchongwa ili viuzwe. Hata mpingo wenyewe mjomba huuagiza kutoka mabondeni, upande wa Nachingwea, na kila gogo linakuja na kibali chake cha maliasili. Kwa hiyo aliposikia neno Msumbiji hakuliona kuwa agizo la nchi ya mbali. Ukitoka hapa hadi Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla, siku isiyo na ukungu unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni kwao waliomfundisha kushika patasi.

Mtindo haukuwa na mjadala. Watu wengi kwenye gogo moja ni ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, mtoto kwenye nyonga ya mama, mama kwenye bega la mzee, mzee juu ya vichwa vya watu wengine. Jina la Roberto Yakobo Sangwani hutajwa sana panapozungumzwa chanzo cha mtindo huo, na miaka ile ya Azimio la Arusha neno "ujamaa" liliukaa vizuri. Tatizo la mnara wa namna hiyo ni kwamba hauna mahali pa kumweka adui. Kila aliyemo ama amebebwa ama amebeba.

Kwenye vita vya uhuru adui hasumbui. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikafundisha wapiganaji wake Nachingwea, si mbali na hapa, na ndani ya maeneo iliyoyakomboa Cabo Delgado ilikuwa na wachongaji ambao kazi zao zilivushwa kuja kuuzwa Tanzania. Mreno humkosi: ana kofia, ana masharubu, ana bastola, ana tumbo. Tangu mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960, mchongaji alijua amvishe nini. Lakini vita vilivyoanza 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, na kwisha kwa mkataba wa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, vilikuwa vya FRELIMO na RENAMO. Ndiyo, RENAMO iliundwa kwa mkono wa Rhodesia, kisha ikalelewa na Afrika Kusini ya makaburu, na hilo halifai kusahauliwa. Ila aliyeingia kijijini usiku alikuwa na uso kama wa watu wa kijiji kile. Wanaokadiria husema watu wapatao milioni moja walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyokuja na vita. Chonga mmoja wa wale waliokuja na mmoja wa wale waliokimbia, wote uchi kama vinyago vyetu vinavyochongwa, halafu mwite mtu atoke London aje akuonyeshe nani ni nani.

Nikaingia mtandaoni kutafuta wenzetu walifanyaje, maana hiyo ndiyo elimu niliyonayo. Mji wa Guernica ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na ndege za Ujerumani na Italia zilizokuja kumsaidia Franco. Picasso alikuwa Paris. Katika turubai lake lenye upana wa karibu mita nane mna farasi, fahali, mama aliyepakata mtoto mfu, mkono ulioshika taa. Hamna ndege hata moja, hamna rubani. Goya, alipochora mwaka 1814 watu wa Madrid wakipigwa risasi, askari aliwageuza watupe mgongo. Ni kweli kwamba alithubutu zaidi kwenye michoro yake ya maafa ya vita, ambamo utakuta Wahispania wenyewe, umati wa watu wa kawaida, wakimtenda mtu unyama. Lakini michoro hiyo hakuitoa. Alikufa 1828, ikachapishwa 1863.

Na Msumbiji kwenyewe yuko Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester, ambaye mwaka 2001 aliunda kiti cha enzi kwa bunduki zilizokatwakatwa. Bunduki zilitoka kwenye mpango ulioanzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo la Msumbiji, watu wakileta silaha na kupewa majembe, baiskeli, cherehani. Kiti hicho sasa kiko British Museum. Nilikitazama sana kwenye simu, nikikikuza kwa vidole. Kina miguu, kina mikono, kina mgongo, na hakuna mtu. Silaha zile hazikutengenezwa Msumbiji, zililetwa. Ni kazi kubwa na ninaipenda, ila nilipoendelea kuitazama niliona pia jinsi inavyotupa nafuu: kilichoua ni chuma, na chuma kilikuja na meli.

Ndipo nikapata wazo, na wakati ule nililiona zuri mno. Gogo la mpingo si jeusi lote. Chini ya gome kuna mzunguko mwembamba wa mti wa rangi ya maziwa, ndani yake ndiyo unaanza weusi. Wachongaji wengi huuondoa wote. Wengine huacha kidogo, uwe kilemba au ndevu za mzee. Nikamwambia mjomba: wauaji wachonge kwenye huo mti mweupe, wengine wote wawe weusi. Mteja ataelewa kabla hajavaa miwani.

Mjomba aliendelea kunoa patasi. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Nikalichukua hilo kuwa ruhusa.

Kwa wiki sita gogo liliendelea kutoa watu. Mwanamke mwenye sufuria kichwani. Watoto wawili walioshikana nguo. Mzee aliyebebwa mgongoni na kijana, miguu yake mirefu ikining'inia mpaka kwenye magoti ya kijana. Na chini kabisa, upande wa shina, mweupe mmoja na bunduki yake, akiwaelekezea wote walio juu yake.

Sasa kuna mzee jirani yetu. Alikuja kutoka Niassa miaka ya 80, mkimbizi, Mmakua, na Wamakua wako pande zote mbili za mto, kwa hiyo hakuna aliyemwona mgeni kwa muda mrefu. Alioa hapa, ana mikorosho, ana wajukuu. Kila asubuhi huja chini ya mkorosho, anamshikia mjomba gogo, ananoa tezo, na mkaza mjomba humletea uji kwenye kikombe kile kile cha bati. Siku moja alimgusa yule wa chini kwa kidole cha mguu.

"Huyu Mreno?"

"Hapana, babu," nikajibu mimi, kwa haraka. "Hivi ni vita vile vya baadaye. Huyo ni muasi."

"Mbona mweupe?"

Nikaanza kueleza habari ya rangi na maana yake na mteja. Nikaishia katikati. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaongea na mjomba, si na mimi. Alisema alichukuliwa akiwa na umri wa mjukuu wake yule wa darasa la sita. Shambani, asubuhi. Wakambebesha chumvi. Mvua iliponyesha chumvi iliyeyuka ikamwingia kwenye vidonda vya mabega, na aliyeweka mzigo chini alipigwa risasi, kwa hiyo yeye hakuuweka. Baada ya muda wakampa bunduki, na ule mzigo akapewa mtoto mwingine. Alisema walifika vijijini. Hakusema vijiji vingapi wala walifanya nini humo, na mjomba hakumwuliza. Alipopata upenyo alikimbia hadi mtoni, akavuka, na alipoulizwa upande huu akasema yeye ni mkimbizi, jambo ambalo nalo lilikuwa kweli.

"Nilikuwa mweusi hivi hivi," akasema, akamalizia uji wake.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike makala hii. Niliandika maelezo mapya ya kinyago. Kwamba kimetokana na ushuhuda wa kweli wa aliyekuwa mtoto askari, anayeishi kijijini kwa mchongaji. Nikapandisha bei kwa nusu. Mteja alijibu kabla sijaweka simu chini: bei amekubali, je, inawezekana kupata picha ya huyo mzee akiwa amesimama kando ya kinyago? Au video fupi? Asubuhi nikamsomea mjomba maelezo yangu uani, kwa sauti, kama mtoto anayesoma ripoti ya shule. Sikukumbuka kwamba mkaza mjomba alikuwa nyuma ya jiko akichekecha unga wa muhogo.

Kaka yake alikwenda Msumbiji mwaka 1987 na jeshi letu, Tanzania ilipopeleka askari kuisaidia serikali ya kule dhidi ya RENAMO. Hakurudi. Kila Julai, siku ya Mashujaa, redio ikitaja Naliendele, yalipo makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji, yeye huizima. Sauti ya chekecheo ilinyamaza. Kesho yake mzee alikuja, akanoa tezo, na uji haukuja.

Tumezoea kuuliza swali moja juu ya watu wanaofanya sanaa ya vita: ulikuwepo? Vijana tunalipenda swali hili, linatupa mamlaka ya kuwanyamazisha watu. Mimi naona ni swali dhaifu. Picasso hakuwepo. Wanaokuwepo mara nyingi hawataki kuchora chochote, wanataka mabati na mbegu. Swali lililonikaa rohoni baada ya siku ile ni nani atakayelipa kazi ikishakamilika. Ukimchonga Mreno wa 1960, hakuna anayelipa. Ukimchonga jirani yako, anayelipa anakaa nyumba ya tatu, na aliyepoteza kaka ndiye anayemchemshia uji, na wewe umeshatuma ujumbe wenye alama mbili za bluu.

Msumbiji yenyewe ilichagua kutouliza. Mwezi ule ule wa Oktoba 1992 bunge lilipitisha sheria ya msamaha, na hapakuwa na tume ya ukweli kama iliyokuja kuundwa Afrika Kusini. Sehemu nyingi vijana walirudi makwao, wakatakaswa kwa mila na wazee wao, wakashika jembe. Kuna wanaosema huo ulikuwa ukimya wa woga, na kuna wanaosema ulikuwa ukimya wa hekima. Mzee wetu hakupata hata huo. Hakurudi kwao, na huku hapakuwa na aliyejua kwamba kuna kitu cha kutakaswa. Miaka yote hiyo ukimya wake aliubeba peke yake. Mimi niliuuza kwa dakika kumi.

Mjomba hakunigombeza. Alichukua tezo akaenda chini kabisa ya gogo na kuanza kuondoa weupe wote. Alifanya kazi siku nne. Chini ya mweupe kulikuwa na mweusi, kama ilivyo kwa mpingo wowote, lakini ulikuwa mwembamba, kwa sababu unene wote wa yule mtu tulikuwa tumeumalizia nje. Alipomaliza, yule wa chini alikuwa na kimo cha wale watoto wawili walioshikana nguo. Bunduki ilibaki nyembamba kama fimbo ya mchunga mbuzi. Na kwa kuwa sasa alikuwa mweusi na mdogo, na wote wako juu yake, ukimtazama haraka unaweza kudhani amewabeba.

Mkaza mjomba alitoka kuja kukiona. Ilikuwa mara ya kwanza kusogea pale tangu siku ile. Alizunguka mara mbili, akainama.

"Umemchonga mdogo," akasema. "Aliyemuua kaka yangu hakuwa mtoto."

"Mti umekwisha, mama," mjomba akamjibu. Na ni kweli. Mpingo ukishaondoa hurudishi.

Nimelifikiria neno la mkaza mjomba kuliko yote niliyosoma kuhusu Goya. Ningependa kuwa upande wa mjomba moja kwa moja, lakini siwezi. Ukimfanya kila muuaji mtoto, umewadhulumu waliouawa na watu wazima waliojua wanachofanya, waliopanga, waliochagua kijiji. Walikuwepo, tena wengi, na wengine walizeeka vizuri. Kinyago chetu hakiwaonyeshi hao. Kinasema jambo la kweli kuhusu mtu mmoja, na anayekiona ataliona kuwa la wote. Hata hivyo, kati ya uongo huu na ule wangu wa mti mweupe, naukubali huu. Ule wangu ulisema kwamba aliyetufanyia hivi hakutoka kwetu. Uongo huo nausikia mpaka leo. Tangu Oktoba 2017 vita vingine viko Cabo Delgado, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, mkoani kwetu. Watu huku huwaita "wale", kama vile wameanguka kutoka mbinguni. Ilhali baadhi ya vijana waliokwenda kupigana kule walitoka upande wetu wa mto, wakiwa na mama zao na shule walizosoma na timu walizoshabikia. Siku mtu atakapochonga vita hivyo, gogo litakuwa lile lile, na atapata kishawishi kile kile cha mti mweupe.

Nilimwandikia mteja kwamba maelezo ya awali yafutwe na kwamba picha ya mzee haitakuwepo. Alikasirika, na simlaumu, mimi ndiye niliyemwonjesha. Kinyago alipokiona kwenye picha aliuliza adui yuko wapi. Nikamjibu yumo. Akashusha bei ikawa chini hata ya ile ya kwanza, mjomba akasema apelekewe, mkorosho unahitaji dawa. Kwenye karatasi niliyobandika chini ya kitako niliandika: Mpingo. Newala. Sentimita 148.

Uji ulirudi siku ya kumi na saba. Kabla ya hapo mkaza mjomba alimkuta mzee peke yake chini ya mkorosho, wakakaa hapo mpaka jua likawafikia miguuni. Hakuna aliyeniambia walizungumza nini, na safari hii sikuuliza.

Huenda umeshajiuliza, msomaji, kama hiki ninachofanya sasa si kile kile. Nimejiuliza pia. Tofauti ninayoweza kuitaja ni kwamba makala hii niliisoma kwanza pale pale chini ya mkorosho, yote, mkaza mjomba akiwepo, na mambo mawili matatu yamebadilishwa kama mzee alivyotaka, ili asijulikane na watu wa mbali. Wa karibu wanajua tayari. Alisikiliza akinoa. Nilipofika kwenye habari ya yeye kuchukuliwa shambani nilitetemeka sauti, nikadhani hapo ndipo atakaponizuia. Alinizuia, lakini kwa neno moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba walimbebesha unga.

"Chumvi," alisema. "Andika chumvi."